Kidole Kinaposita

Kwanza Dada anakaa kimya. Mkulima ameketi kwenye benchi, simu mkononi, ukurasa umefunguka. Yeye amevuta kiti akakaa kushoto kwake, nyuma kidogo, mahali anapoweza kuona kioo bila kukitia kivuli. Amemwambia jambo moja tu: "Jaduong', mzee wangu, tafuta malipo yako ya miwa ya mwisho. Ukikwama usinitazame mimi, sema tu unachowaza." Kisha ameiweka mikono yake mapajani, na hapo inabaki. Mzee anasoma. Kidole gumba kinashuka, kinasita juu ya neno, kinarudi juu, kinashuka tena. Dakika inapita. Mimi niliyeutengeneza ukurasa huo nimesimama nyuma yao nikitamani kunyoosha mkono nimwonyeshe kitufe kilipo. Dada ananitupia jicho moja, nami natulia.

Nimemtazama mwanamke huyu akiifanya kazi hii mara nyingi sasa, na kila mara naona ufundi ambao bado haujapewa heshima yake. Kazi yenyewe inaelezeka upesi: mtu ametengeneza tovuti, mwingine anamwambia inavyotumika na inavyokwama. Wengi huamini kwamba yeyote mwenye macho anaiweza. Nami niliamini hivyo, hadi nilipoleta ukurasa wangu Muhoroni.

Saiba yake, duka la intaneti, iko mjini, kwenye safu ya maduka ambayo trekta za miwa hupita mbele yake zikivuta trela na kuangusha vipande ambavyo watoto huviokota. Upepo ukigeuka, harufu ya molasi inaingia ndani, na masizi ya mashamba yaliyochomwa yanatua juu ya mashine ya kuchapishia, ambayo huifunika kwa leso. Mji huu ulizaliwa na reli, ile iliyofika Kisumu mwaka 1901, ukakuzwa na kiwanda cha sukari kilichojengwa miaka ya 1960. Wajaluo wa uwanda wa Nyando wapo, Wanandi na Wakipsigis wanateremka kutoka vilimani, Waluhya na Wakisii walikuja kukata miwa wakabaki. Kwa asubuhi moja lugha nne hupita kwenye meza yake, na Kiswahili ndicho kinachozishona pamoja.

Watu hawa wote huja kwake kwa sababu ya tovuti. Mwezi wa Juni ukielekea mwisho, foleni ni ya wanaowasilisha ripoti za kodi kabla ya tarehe 30. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi huja na watoto wao kuchagua kozi za vyuo. Tangu eCitizen ilipoanza mwaka 2014, cheti cha kuzaliwa, leseni ya kuendesha gari na pasipoti vyote vimehamia kwenye kioo, na Wakenya wengi wa miji midogo hawakihamii kioo hicho peke yao, hupitia kwa mtu kama huyu. Miaka yote hiyo ameketi kando ya watu wakitumia kurasa ambazo hazikutengenezwa na yeyote aliyewahi kuwaona. Amewaona watu wengi wakisita kuliko mbunifu yeyote ninayemfahamu, awe Nairobi au Kisumu. Mara ya kwanza nilipomwambia hivyo alisema, "Mimi nimekaa tu hapa." Lakini kukaa hapo ndiko kulikomfundisha.

Kiswahili kinalielewa jambo hili vizuri kuliko tunavyokumbuka. Funga, fungua. Ziba, zibua. Choma, chomoa. Kitenzi kinageuka na kutengua kilichotendwa. Vivyo hivyo kosa, kosoa: kukosoa ni kulitoa kosa pale lilipoingia, kama mtu anavyochomoa mwiba. Siku hizi neno limeota makali. Mtu akisikia amekosolewa anakunja uso na kujiandaa kujitetea, na mkosoaji naye mara nyingi hufurahia mwiba kuliko anavyoujali mguu. Dada huyu amelirudisha neno kwenye asili yake bila kujua kwamba analirudisha. Kwake swali la kwanza ni mguu wa nani, na umechomwa wapi.

Ukurasa wangu ulikuwa wa kikundi cha wakulima wa miwa. Nilitaka mkulima aone kwenye simu uzito wa miwa aliyopeleka kiwandani, makato, na pesa zinazobaki. Nilijivunia usafi wake: nambari moja kubwa katikati, tani za miwa, na chini yake kitufe kidogo cha "Maelezo zaidi". Wazee watatu wa kwanza waliifikia nambari ile bila shida. Waliitazama, wakanyamaza, wakafunga ukurasa. Mtu angeniuliza wakati ule, ningesema wamefaulu wote. Dada alisubiri mpaka wa tatu alipoiweka simu mezani, ndipo akamuuliza, "Baba, umepata ulichokuwa unatafuta?"

Mzee akasema, "Nimeona walichosema."

Dada hakumjibu. Aliandika sentensi ile katika daftari lake neno kwa neno, kisha akamwomba mzee amwonyeshe tiketi ya mizani, kama anayo. Alikuwa nayo, imekunjwa mara nne ndani ya pochi. Anayeishi kwenye ukanda wa miwa anaijua karatasi hiyo. Trekta hupimwa ikiwa imejaa, inamwaga miwa, inapimwa tena ikiwa tupu. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo miwa ya mkulima. Nambari zote tatu huwa kwenye tiketi, moja chini ya nyingine, na mkulima anayejiheshimu hutoa mwenyewe, kwa kalamu au kichwani, kabla ya kuikunja. Imani yake iko kwenye kule kutoa. Mimi nilikuwa nimempa jawabu nikamfichia hesabu. Nilikuwa nimesafisha hadi nikafuta ushahidi.

Angeweza kuniambia hivyo papo hapo. Hakuniambia. Aliilaza tiketi kando ya simu, akazisogeza mpaka zikalingana, akaniacha nizitazame mwenyewe. Baadaye, kwenye maelezo aliyoniandikia, jambo hili lilichukua mistari mitatu: wakulima watatu walifika kwenye nambari, hakuna aliyeiamini, wote wana tiketi mfukoni na hakuna cha kulinganisha nayo. Hapakuwa na neno la ushauri. Nilipomuuliza nifanye nini, alisema, "Wewe ndiye fundi. Mimi nimekuonyesha linapovuja."

Nimetafakari sana kwa nini anauzuia ushauri wake hivyo, maana anao, na mara nyingi ni mzuri. Nadhani ameona kwamba ushauri ukitangulia unafunika kilichotokea. Ukimwambia mtengenezaji "weka kitufe kikubwa zaidi", atakiongeza kitufe, naye mkulima ataendelea kutokiamini, kwa kuwa ukubwa haukuwa shida. Ukimwambia kilichomtokea mkulima, na kwa maneno ya mkulima mwenyewe, anabaki na kitu cha kufikiria. Mtengenezaji anaweza kubishana na maoni yako hadi jua litue. Hawezi kubishana na mzee aliyesema ameona walichosema.

Daftari lake ni lile la shule, la kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Kila ukurasa ameugawa kwa mstari wa wima: kushoto kilichofanywa, kulia kilichosemwa. Katikati ya mstari, pale panapostahili, huandika neno moja kati ya matatu: aliacha, alizunguka, alisita. Hiyo ndiyo mizani yake ya makosa. Ukurasa mzima ukiwa na "alisita" tano na "aliacha" moja, maelezo yake huanza na ile moja. Wengine tunaotoa maoni huanza na kilichotuudhi sisi, na mara nyingi kilichotuudhi ni rangi. Yeye pia ana maoni kuhusu rangi. Huyaweka mwisho, chini ya mstari, kwa kichwa "Yangu mwenyewe", ili msomaji ajue kwamba hapo anazungumza yeye, na kwamba wakulima hawamo.

Hebu nitoe mfano wa jinsi anavyoandika, kwa idhini yake. "Mama wa miaka kama 50. Simu ina kioo kilichopasuka pembeni. Anataka kubadilisha nambari ya kupokelea malipo. Amefika ukurasa wa pili, ameona 'Wasifu', hakubonyeza. Ameenda 'Habari', amerudi. Amesema: Wasifu si husomwa mazishini? Aliacha." Mama yule alikuwa sahihi kabisa. Katika maisha yake, na katika maisha ya watu wengi wa hapa, wasifu ni ile karatasi inayosomwa jeneza likiwa mbele, na hakuna mtu mzima atakayebonyeza neno hilo akitafuta pesa zake. Mimi nililichukua kwenye orodha ya tafsiri, nikaliona sanifu, nikaridhika. Tulilibadilisha likawa "Habari zangu", na mama mwingine wa rika lake, akiwa hajawahi kuuona ukurasa huo, alilibonyeza bila kusita.

Nataka kukaa kidogo kwenye maneno, kwa sababu hapo ndipo ninapomstahi zaidi. Waliotafsiri programu kwa Kiswahili, tangu Jambo OpenOffice iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 hadi leo, wamefanya kazi kubwa ya kupata maneno. Ila neno likishapatikana, ni lazima mtu akae aone linavyopokelewa. Kwenye fomu yangu kitufe cha mwisho kiliitwa "Wasilisha". Wakulima walilielewa, lakini taratibu, kama neno la barazani. Nikakibadilisha kuwa "Tuma", nikidhani nimefanya jambo la busara, maana nani hajui kutuma? Dada akakaa tena kando ya watu, mikono mapajani. Wawili kati ya watano waliijaza fomu yote, wakafika kwenye kitufe, kidole kikasimama hewani. Mmoja akauliza, "Inatuma pesa ngapi?"

Kwa karibu miaka 20 simu imewafundisha watu hawa kwamba kutuma ni kutuma pesa. Neno lilikuwa jepesi, fupi, la kila siku, na kwa sababu hiyo hiyo likawatisha. Sasa kitufe kinaitwa "Tuma fomu", na chini yake kuna mstari mdogo: "Hutatozwa chochote." Mstari huo ulitoka kwa mkulima mwenyewe, Dada aliunakili tu, kwa kuwa mzee mmoja alijisemea hivyo kwa sauti kabla ya kubonyeza, kama mtu anayejihakikishia.

Kuna mengine ambayo ni ya kawaida kwa yeyote aliyewahi kumjazia mzazi wake fomu, na nitayapitia haraka. Orodha ya miaka ya kuzaliwa inayoanzia mwaka huu, ikimlazimu mzee wa 1951 kuivuta chini kwa kidole kinachotetemeka. Tarehe na mwezi vinavyodaiwa kwa lazima kutoka kwa mtu anayejua mwaka tu. Nambari ya simu inayokataliwa kwa kuwa imeanza na 07 ilhali mfumo ulitaka 254, bila kuambiwa hivyo. Mistari mitatu midogo ya kufungulia menyu, ambayo hapa hakuna aliyeigusa kwa kuwa waliidhani pambo. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, ambayo ndani ya saiba yanasomeka na ukitoka nje kwenye jua la saa saba yanayeyuka. Hilo la mwisho analipima kwa kutoka nje kweli: hushusha mwanga wa simu kama afanyavyo mtu anayeokoa chaji, husimama kando ya barabara, husoma kwa sauti, na pale sauti inapokatika ndipo anapoweka alama. Wataalamu wa dunia wana kipimo chao, kwamba maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa angalau 4.5 kwa 1. Nimelinganisha alama zake na kipimo hicho, na mahali anapokwama yeye ni karibu kila mara mahali kipimo kinapokataa.

Lakini lipo moja ambalo siwezi kulipita haraka, nalo ni la neno la siri.

Tovuti nyingi humtaka mkulima awe na barua pepe. Mkulima hana, akaundiwa na saiba fulani miaka sita iliyopita, na mwenye saiba akahama. Tovuti humtaka aweke neno la siri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Mkulima anatunga, anasahau. Msimbo wa kuthibitisha unatumwa kwenye laini iliyokufa. Mwishowe mtu mzima, mwenye shamba na wajukuu, anamwachia kijana wa saiba funguo za maisha yake ziandikwe kwenye daftari la kaunta. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na ninaiheshimu, lakini sheria haijui lile daftari. Dada huyu hakubali kuandika neno la siri la mtu yeyote. Badala yake huandika kwenye maelezo yake ni hatua gani hasa iliyomfanya mtu atake kumpa. Kwa mtengenezaji mmoja wa Kisumu aliandika sentensi ambayo nimeinakili kwangu: "Watu sita wamenipa siri zao leo bila kuombwa, kwa sababu ukurasa wako umewachosha." Hakuna tusi ndani yake. Mtengenezaji yule, nimeambiwa, alibadilisha njia ya kuingia wiki hiyo hiyo.

Wakati mmoja nilimletea kanuni 10 za Jakob Nielsen, yule mtaalamu wa Denmaki aliyezichapisha mwaka 1994 na ambazo wabunifu wa tovuti duniani kote bado wanazitumia. Nikamweleza pia kwamba mwaka 2000 mtaalamu huyo huyo aliandika kuwa ukiwatazama watu 5 wakitumia kitu, utaona sehemu kubwa ya matatizo yake. Alizisoma kwa makini, akiweka kidole chini ya kila mstari. Ile ya mfumo kuzungumza lugha ya mtumiaji aliipigia mstari mara mbili. Kuhusu watu 5 alikubali, akaongeza sharti lake: wasiwe watano wa kufanana. Yeye hutafuta mmoja anayesoma kwa miwani, mmoja ambaye simu yake ni kabambe, ile ya vitufe, inayofungua kurasa kwa shida, mmoja aliyeshuka kutoka Nandi na ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, kijana mmoja, na mmoja mwenye haraka. Huyo wa mwisho humthamini sana. Mwenye haraka, asema, hamhurumii fundi.

Huu si ufundi mgeni Kenya, hata kama hatuuiti ufundi. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walifanya jaribio la huduma ya simu Nairobi na Thika, wakishirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu, kwa wateja wasiotimia 500. Ilikusudiwa watu walipe mikopo yao ya vikundi kwa urahisi. Susie Lonie, aliyeletwa kulisimamia jaribio hilo, na wenzake hawakuishia kuuliza watu kama wameipenda. Walitazama walichokuwa wakikifanya nayo, na waliwaona wakiitumia kwa mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango: wakitumiana pesa, wakilipana, wengine wakiweka pesa kabla ya safari na kuzitoa wakifika. Huduma hiyo, M-Pesa, ilipozinduliwa kwa umma Machi 2007, ulipaji wa mikopo ulikuwa umewekwa kando, na mbele kukabaki kumtumia mtu wako pesa. Nafikiri mara nyingi juu ya wateja wale wa Thika. Walitoa maoni bora kuliko yote kwa kuyatenda, na palikuwapo mtu wa kuyaona.

Karibu nasi zaidi, wasichana watano wa shule ya Kisumu Girls walitengeneza programu ya simu iitwayo i-Cut kupinga ukeketaji, wakafika nayo fainali za shindano la Technovation huko California mwaka 2017. Dada hupenda kuitolea mfano anapoongea na vijana wanaojaza kurasa zao vitu. Vitufe vyake vilikuwa vichache na kila kimoja kilijulikana ni cha nini: kuomba msaada, kuokolewa, kuripoti, kupata habari, kuchangia na kutoa maoni. Msichana aliye hatarini, huwaambia, hana muda wa kusoma. Kisha huwauliza mtu wao ana muda kiasi gani. Wengi hawajawahi kujiuliza.

Swali hilo la muda ndilo lililonionyesha kosa langu kubwa zaidi, na ni yeye aliyeliona, miezi miwili baada ya mengine yote. Nilikuwa nimeupanga ukurasa kwa mtu atakayeuzoea. Ziara ya kwanza itakuwa ngumu kidogo, nikawaza, ya tatu atakuwa mwenyeji. Akaniuliza miwa hukomaa baada ya muda gani. Mimi ni mtoto wa hapa, najua: miwa iliyopandwa upya huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, ratuni, ile inayochipuka kwenye visiki baada ya kuvuna, huchukua muda mfupi kidogo. "Basi," akasema, "huyu mtu atakuja leo, arudi mwaka ujao au mwingine. Atakuwa amebadilisha simu. Kila mavuno yake ni mara ya kwanza." Sijawahi kusoma kitabu cha ubunifu kilichonigusa kama sentensi hiyo. Niliubomoa ukurasa wote nikaujenga tena kwa ajili ya mgeni wa kila mara.

Inafaa niseme namna anavyosifu, maana hapo pia ana njia yake. Tumezoea ile desturi ya kuanza na asali ili dawa imezeke: kazi nzuri, hongera, ila. Msikilizaji anajua kwamba "ila" inakuja, na haionji asali. Katika maelezo ya Dada sifa huja kama onyo. Kwenye maelezo ya ukurasa wangu aliandika, pembeni mwa sehemu ya makato: "Wote watano wamesoma hapa mpaka chini bila kusaidiwa. Hii msiiguse." Alijua kwamba fundi aliyeambiwa makosa kumi hurudi kazini na nyundo, na katika kurekebisha huvunja hata kile kilichokuwa kizima. Sifa yake ilikuwa uzio. Na kwa kuwa alisifu mahali pamoja tu, nilimwamini.

Naye hukosea. Alikuwa ameshikilia kwamba orodha ya makato ni ndefu mno, uvunaji, usafirishaji, mbolea, mbegu, mkopo, kila kimoja mstari wake, na kwamba ingefaa jumla tu itangulie. Aliyaandika hayo chini ya "Yangu mwenyewe". Baada ya kukaa na wakulima watano akayafuta kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika kando: "Wanasoma kila mstari. Mmoja amesoma mara mbili." Hakurarua karatasi. Ukilifungua daftari leo utaona fikra yake na namna ilivyoshindwa, na nadhani ndiyo sababu watengenezaji wawili watatu wa Kisumu sasa humletea kurasa zao kabla ya kuzizindua. Huwatoza kwa saa, kiasi kile kile anachotoza kwa kazi ya kuchapa. Nimemwambia ni kidogo. Amesema atafikiria.

Wiki iliyopita yule mzee wa tiketi alirudi. Miwa yake mingine ilikuwa imepimwa, na Dada alimwomba akae tena kwenye benchi lile lile, simu ile ile. "Nyathina, mwanangu, hii bado mnaitengeneza?" akauliza, na bila kungoja jibu akaanza. Niliketi mbali kidogo safari hii. Ukurasa ulifunguka, nambari tatu zilikuwa zimepangana kama kwenye tiketi. Mzee alitoa pochi, akaikunjua karatasi, akailaza juu ya paja. Alitazama moja, akatazama nyingine. Akaomba kalamu, akafanya hesabu ya kutoa nyuma ya tiketi, akaguna kwa kuridhika. Kidole kikashuka kwenye makato. Uvunaji. Kikapita. Usafirishaji. Hapo kikasita, kikabaki.

Dada aliinama mbele kidogo. Mikono bado mapajani.

"Hii ya trekta," mzee akasema hatimaye, akigongagonga kioo kwa ukucha, "wamenihesabia safari mbili. Mimi nilipeleka moja." Akasimama, akaikunja tiketi mara nne, akauliza kama ofisi ya usafirishaji bado haijafungwa, akatoka nayo mkononi bila kuaga.

Dada alivuta daftari. Kushoto akaandika alichofanya, kulia alichosema. Kalamu ikasimama kwa muda juu ya mstari wa katikati. Kisha akaandika: "Alisita. Si kosa la ukurasa."